Kwa wahasibu wanaoanza kuwawakilisha walipakodi mbele ya Baraza la Rufaa

Mhasibu anayejiandaa kumwakilisha mteja mbele ya Baraza la Rufaa za Kodi, ambalo hapa Uganda wengi wetu tunaliita TAT, aghalabu huanza kwa kujifunza namna ya kusimama mbele ya wajumbe na kuwahoji mashahidi. Hayo yana nafasi yake. Lakini kwa niliyoyaona katika kazi hii, mashauri mengi huwa yamekwisha kuamuliwa muda mrefu kabla ya kikao cha kwanza, siku ile lilipoandikwa pingamizi, yaani barua ya mlipakodi ya kupinga kodi aliyokadiriwa. Sheria ya TAT inambana mwombaji kwenye sababu alizozitaja katika pingamizi lake, isipokuwa Baraza lenyewe likiamua vinginevyo, kwa hiyo pingamizi la mistari miwili linalosema tu kwamba kodi ni kubwa mno linamfungia mteja milango ambayo hata wakili hodari atapata taabu kuifungua. Ninyi mnaoingia kwenye kazi hii leo, anzeni kujifunza hapo.

Pingamizi hupelekwa kwa Mamlaka ya Mapato (URA) ndani ya siku 45 tangu mlipakodi apokee taarifa ya tathmini, yaani ya kodi aliyokadiriwa. URA nayo ina siku 90 za kutoa uamuzi, na zikipita kimya, mlipakodi anaweza kuiandikia kwamba amechagua kulihesabu pingamizi lake kuwa limekubaliwa. Uamuzi ukitoka na haukumridhisha, ana siku 30 za kwenda TAT. Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba taarifa hutumwa kwa barua pepe iliyosajiliwa pamoja na namba ya mlipakodi, na mara nyingi barua pepe hiyo ni ya mpwa au ya karani aliyeacha kazi zamani. Mteja anapowaletea tathmini, msiulize ameiona lini. Fungueni akaunti yake mbele yake, mtazame iliingia lini, kisha mhesabu siku.

Mbele ya TAT, mzigo wa kuthibitisha kwamba tathmini imezidi uko kwa mlipakodi. Hapa ndipo mafunzo yetu ya uhasibu yanatusaidia sana na papo hapo yanatuponza, kwa sababu tumezoea kueleza, ilhali Baraza linataka kuthibitishiwa. Tuchukue mfano wa kampuni ya kuuza vifaa vya ujenzi iliyotangaza mauzo ya shilingi milioni 520, huku benki ikionyesha milioni 900 zimeingia kwenye akaunti zake. URA inaihesabu tofauti ya milioni 380 kuwa mauzo yaliyofichwa na, tukiiweka VAT kando, inadai kodi ya mapato ya asilimia 30 yake, yaani milioni 114. Mwenye kampuni anasema milioni 150 zilikuwa mkopo wa SACCO, milioni 120 zilihamishwa kutoka akaunti yake moja kwenda nyingine, na milioni 30 zilikuwa hundi zilizorudi. Maelezo hayo yanaweza kuwa kweli tupu na bado yasifae kitu. Yanafaa pale mnapoweka jedwali lenye tarehe, kiasi na akaunti, na nyuma ya kila mstari mkaambatisha karatasi yake: mkataba wa mkopo pamoja na taarifa ya SACCO inayoonyesha fedha zikitoka, taarifa za akaunti zote mbili zenye kiasi kilekile, na barua ya benki kuhusu kila hundi. Zinabaki milioni 80 ambazo mteja hana maelezo yake. Zikubalini. Hiyo ni kodi ya milioni 24, na mwakilishi anayekiri lisilo na utetezi husikilizwa kwa makini zaidi anapolitetea lililobaki.

Mwambieni mteja mapema pia kwamba, ili shauri lake lisikilizwe, atatakiwa kulipa asilimia 30 ya kodi iliyotathminiwa au sehemu asiyoibishia, ile iliyo kubwa. Katika mfano wetu ni milioni 34.2, fedha ambazo mfanyabiashara wa kawaida hana mfukoni, na kuzitafuta kunachukua muda.

Lipo suala ambalo naona halizungumzwi vya kutosha darasani. Mhasibu aliyeandaa vitabu vya mteja ndiye mara nyingi shahidi bora aliye naye, na mtu hawezi kutoa ushahidi kuhusu leja kisha akageuka kujenga hoja juu ya ushahidi wake mwenyewe bila kuupunguzia uzito. Amueni mapema nani atakula kiapo na nani atazungumza kwa niaba ya mteja, hata kama italazimu kumwita mwenzenu wa ofisi nyingine. Kwa wakaguzi kizuizi ni kikubwa zaidi: kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu zinaikataza kampuni ya ukaguzi kumtetea mteja inayemkagua mbele ya baraza au mahakama pale kiasi kinachobishaniwa kinapokuwa na uzito katika hesabu zake. Ada ya shauri moja haistahili kuhatarishia cheti chenu.

Kozi ya ushauri wa kodi inayotolewa na Taasisi ya Wahasibu (ICPAU) ni msingi mzuri, lakini isomeni pamoja na maamuzi ya TAT yenyewe, ambayo yamewekwa wazi kwenye tovuti ya ULII, inayochapisha sheria na hukumu za Uganda. Someni hasa yale ambayo mlipakodi ameshindwa, mtafute ni karatasi gani iliyokosekana.

Na shauri likienda Mahakama Kuu, hapo ni kazi ya wakili, na rufaa husikilizwa kwa hoja za kisheria tu. Hamtapata nafasi nyingine ya kuleta taarifa ya benki mliyoisahau. Kabla kikao cha mwisho cha ushahidi hakijafungwa TAT, pitieni jedwali lenu mstari kwa mstari na mhakikishe kwamba kila karatasi mnayoitegemea imepokelewa rasmi na kupewa namba ya kielelezo.