Michoro miwili ya kitwitwi wa Tahiti: ni ndege mmoja au wawili?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina nakala ya mchoro wa kitwitwi aliyetoweka wa visiwa vya Tahiti, kazi ya William Ellis katika safari ya tatu ya Kapteni Cook, yule baharia mpelelezi wa Uingereza. Nikiulinganisha na wa Georg Forster wa safari ya pili, weupe wa bawani na rangi karibu na jicho havifanani. Programu ya simu imenirudishia rangi za asili, na tofauti imezidi kuonekana. Je, si ushahidi kwamba walikuwa spishi mbili?

JIBU: Marahaba. Si ushahidi, na hiyo programu ndiyo iliyokuharibia kazi.

Swali lenyewe lina uzito. Mwaka 1906 Richard Bowdler Sharpe, mtaalamu wa ndege wa Uingereza, alimpa ndege wa Ellis jina la spishi ya peke yake kwa kutegemea mchoro, na wataalamu wamebishana tangu hapo. Imebaki ngozi moja tu iliyohifadhiwa, iko Leiden, Uholanzi, nayo ni ya Tahiti. Ndege wa kisiwa jirani cha Moorea, waliokusanywa mwaka 1777 katika safari hiyo ya tatu, wamepotea. Tofauti unayoiona yaweza kuwa ya spishi, ya umri, au ya mkono wa mchoraji tu.

Kinachonichosha ni imani kwamba ndege akichorwa safarini, basi ndivyo alivyokuwa. Ndege akishakufa, rangi ya macho, mdomo na miguu huanza kubadilika ndani ya saa chache, na joto la tropiki haliingoji brashi. Sydney Parkinson, mchoraji wa safari ya kwanza, mara nyingi alichora kwa penseli, akapaka sehemu ndogo na kuandika majina ya rangi ili amalizie baadaye. Alifia baharini Januari 1771, kazi nyingi zikiwa nusu. Chapa za vitabuni nazo zilipakwa rangi Ulaya, kwa mkono, na watu ambao hawakuwahi kumwona ndege huyo akiwa hai. Ndege wa peponi ndiye mfano mkubwa: ngozi zilifika kutoka New Guinea zikiwa zimeondolewa miguu, na mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyewapa viumbe majina ya Kilatini, akamwita mmoja wao *apoda*, yaani asiye na miguu!

Halafu karatasi nayo huzeeka. Rangi nyeupe ya madini ya risasi hugeuka nyeusi ikikutana na salfa ya hewani, kwa hiyo doa jeusi la leo huenda lilikuwa jeupe. Njano ikififia, kijani hubaki na ubluu. Programu haijui lolote kati ya hayo. Inakisia kutokana na picha nyingine, kisha inakukabidhi kisio hilo kama ukweli.

Picha za namna hiyo naletewa kila mara, nyingine zimeshatiwa fremu na kuuzwa kama “rangi halisi”. Wapo pia wanaosugua chapa za zamani kwa limau au dawa ya kufulia. Wanamaliza kwa dakika kumi karatasi iliyodumu zaidi ya miaka mia mbili.

Futa hiyo picha ya simu. Rudi kwenye maelezo ya mwaka 1785 ya John Latham, mtaalamu wa ndege wa Uingereza aliyeziona ngozi kabla hazijapotea, uyasome neno kwa neno ukiwa na michoro yote miwili mbele yako, jinsi ilivyo.