Kiwango Kikishafungwa, Fuata Riba

Wadogo zangu mnaoanza kwenye dawati la fedha za kigeni, mkipewa faili la nchi iliyoingia euro mtakimbilia kiwango cha kubadilishia. Hata mimi nilifanya hivyo. Faili langu la kwanza lilikuwa la Ireland: euro 1 kwa pauni ya Ireland 0.787564, kiwango kilichofungwa 1 Januari 1999. Nikachukua nyumba ya pauni 100,000, nikazidisha, nikaandika euro 78,756. Bosi akaitazama karatasi. "Mwenye nyumba amekukosea nini?" Pauni hugawanywa kwa kiwango kile; jibu ni euro 126,974. Na msikate tarakimu wala kukipindua kiwango ili mzidishe, kanuni za Ulaya zinakataza.

Kwenye kiwango kazi inaishia hapo, maana hakisogei tena. Kinachosogea ni riba, na huanza kusogea kabla ya siku yenyewe. Mei 1998 viwango baina ya sarafu zitakazoungana vilitangazwa. Mwenye pesa akishajua pauni itaishia wapi, kwa nini aweke mark Ujerumani kwa riba ya chini wakati Dublin wanatoa mara mbili yake? Pengo lazima lizibwe. Riba za muda mfupi za Ireland, zilizokuwa juu ya 6% katikati ya mwaka huo, Desemba zikashuka hadi 3%.

Sasa tazameni ubaya wake. Uchumi wa Ireland ulikuwa umeshachemka. Benki kuu yenye sarafu yake ingepandisha riba. Mwaka 2000 mfumuko wa bei ulipita 5%, nayo riba ya Frankfurt, yaani ya Benki Kuu ya Ulaya, inayopangwa kwa ajili ya nchi zote za euro, haikuzidi 4.75%. Toeni wenyewe: chini ya sifuri. Watu wakakopa, wakajenga, bei za nyumba zikapaa hadi zilipoporomoka, na Novemba 2010 Ireland ikaomba kuokolewa kwa mpango wa euro bilioni 85.

Tangu hapo kila jedwali langu lina safu ya tatu: riba ukitoa mfumuko wa bei. Hata itifaki yetu ya sarafu moja ya Afrika Mashariki ya 2013, ambayo lengo lake la 2024 limesogezwa hadi 2031, naisoma kwa safu hiyo.

Faili la Bulgaria lipo mezani. Imeingia 1 Januari 2026 kwa leva 1.95583, kiwango kilekile ilichokuwa nacho dhidi ya euro tangu 1999. Safu ya tatu bado tupu. Anayeanza Jumatatu aanze nayo.