Raundi ya muziki ikipooza kwenye chemsha bongo ya baa: uzoefu wangu

Mkuu mleta uzi, umesema baa yenu ina chemsha bongo kila Jumatano na raundi zote zinachangamka isipokuwa ya muziki. Unapiga wimbo, vijana wanaunyooshea simu, programu ya Shazam inawapa jina, wazee wanaendelea na bia zao. Hilo nimelipitia. Ninaendesha chemsha bongo kwenye baa moja Sinza, huu mwaka wa nne, na hakuna raundi ninayoihangaikia kama hiyo.

Cha kwanza, punguza kupiga rekodi. Mimi nilimwomba kijana mmoja anayepiga gitaa kanisani awe anakuja na gitaa lake kavu. Anapiga ile solo ya kuingilia wimbo tu, sekunde nne au tano, anakata. Siku ya kwanza kulikuwa na mzee meza ya kona ambaye siku zote alikuja kunywa tu, hakuwahi hata kuomba karatasi. Kijana alipokata, yule mzee akaiendeleza solo kwa mdomo, polepole, macho ameyafumba, na kidole kinagonga chupa kufuata besi. Baa nzima ikamgeukia. Meza ya jirani walikuwa wasichana wa chuo, mmoja akanyanyuka na kiti: "Shikamoo mzee wetu, njoo ukae na sisi." Usiku ule waliongoza raundi ya muziki, na mpaka leo bado ni timu moja.

Hapo ndipo nilipoelewa raundi hii ni ya nini. Swali zuri ni lile linalomfanya wa miaka 22 amtafute wa miaka 60, na wa 60 amhitaji wa 22. Kwa hiyo nikaweka sharti: meza isiyo na mchanganyiko wa umri inaanza na alama mbili pungufu. Walilalamika wiki mbili, wakazoea.

Raundi inayopendwa kuliko zote kwangu ni ya mitindo. Unajua bendi zetu za dansi kila moja ilikuwa na mtindo wake, yaani staili ya kupiga na kucheza yenye jina lake, na mashabiki waliubeba kama jezi. Ninataja mtindo, wao wanaandika bendi. Sikinde, hiyo karibu kila mtu anaipata: Mlimani Park. Segere Matata ni Tabora Jazz. Saboso ni Western Jazz. Afrosa ni Afro 70, ya Patrick Balisidya. Pambamoto, Vijana Jazz. Kamanyola, Maquis. Kisha ninageuza kibao kwa swali la alama tatu: panga majina haya kuanzia la zamani, OTTU Jazz, NUTA Jazz, JUWATA Jazz. Kijana hana pa kuanzia, lakini aliyewahi kufanya kazi enzi hizo anajua majina yalifuata chama cha wafanyakazi: NUTA tangu 1964, kikaja JUWATA, halafu OTTU. Bendi ni ile ile ambayo leo watu wanaiita Msondo. Swali hilo moja huzaa mazungumzo ya dakika kumi, hasa ukiongeza kwamba Mlimani Park ilipoanza 1978 ilibeba wanamuziki wa JUWATA, na kwamba Muhidin Gurumo aliimba kote kuwili. Usiwakatize. Waache wabishane, soda na bia zitauzika.

Sasa tahadhari. Mwaka wa kwanza niliuliza nani alitunga "Malaika", na kwenye karatasi yangu ya majibu nilikuwa nimeandika Fadhili William. Timu moja ikaandika Adam Salim, nikawanyima alama, wakashindwa kwa alama moja. Waliondoka bila kuaga. Niliporudi nyumbani nikasoma, nikakuta utunzi wa wimbo ule una mgogoro wa miaka mingi, na Adam Salim, Mtanzania, ni miongoni mwa wanaotajwa kuwa ndiye mwenyewe. Iliniuma sana, maana watu wale walikuwa wanajua kitu kuliko mimi mwuliza swali. Niliwatafuta, nikawaomba radhi, nikatangaza kwenye maiki wiki iliyofuata. Tangu hapo siulizi tena "nani alitunga" kama kuna ubishi. Ninauliza: taja wawili wasio wa Afrika Mashariki waliourekodi "Malaika". Miriam Makeba, Boney M., Angélique Kidjo, wote ninawakubali.

Ukikosa mpiga gitaa, tumia maelezo bila sauti yoyote. Mfano: "Sauti hii mama wa Kipokomo alimbembelezea mtoto. Tangu 1963 nchi nzima huisimamia wima." Jibu ni wimbo wa taifa wa Kenya. Au: "Mwaka 1928 mwanamke wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay akaingiza sauti yake kwenye sahani ya santuri." Siti binti Saad. Lakini nyimbo za taifa usizipige kwenye spika hata kidogo. Wapo watakaosimama kwa heshima na wapo watakaobaki wamekaa, na hapo utakuwa umeleta ugomvi.

Kuhusu muda: weka muziki raundi ya tatu, chakula kikiwa kimeshafika mezani. Mwisho kabisa haifai, watu wakishaanza kucheza hakuna atakayekurudishia karatasi. Maswali manane yanatosha.

Wiki hii jaribu mitindo kwanza. Usiku nikitoka kazini nitabandika hapa orodha yangu nzima ya bendi na mitindo yake, na wadau wa Tanga na Morogoro naomba mnisaidie kuijazia.