Ninarudi kazini: je, nimwanzishie mtoto maziwa ya kopo?

SWALI: Shikamoo, Mama Mshauri. Mimi ni mama wa mtoto wa kwanza mwenye umri wa wiki 9, ambaye hadi leo hajaonja kitu chochote isipokuwa maziwa yangu. Alizaliwa na kilo 3.1, na wiki iliyopita alipopimwa kliniki alikuwa na kilo 5.2. Likizo yangu ya uzazi inakwisha baada ya wiki 3. Tunaishi Maji ya Chai nami nafanya kazi Arusha mjini, hivyo nitakuwa natoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 12 jioni, na mtoto atabaki na mama mkwe wangu. Nimefikiria apewe mchana maziwa nitakayoweza kukamua, pamoja na maziwa ya kopo mara mbili, nami nimnyonyeshe asubuhi, jioni na usiku. Jirani ananionya kwamba nikishaanza kopo maziwa yangu yatakauka. Mama mkwe anasema mtoto hulia jioni kwa sababu maziwa yangu ni mepesi, na kwamba kopo ni gharama ya bure, kwani watoto wake wote walikua kwa maziwa ya ng'ombe yaliyopunguzwa kwa maji. Juzi nilijaribu kumpa chupa yenye maziwa yangu mwenyewe, akaikataa kabisa. Nifanye nini?
Mama wa Maji ya Chai

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la maziwa mepesi, kwa sababu kadi ya mtoto imekwisha kulijibu. Mtoto aliyeongezeka kilo 2.1 katika wiki 8 kwa maziwa ya mama peke yake hana njaa. Kilio cha jioni ni cha umri huo. Huongezeka hadi karibu wiki ya 6, kisha hupungua taratibu, na watoto wanaokunywa kopo nao hulia vivyo hivyo. Kwa hiyo usianze kopo kwa ajili ya kilio. Sababu yako ni hizo saa 12 ambazo hutakuwapo nyumbani, na hiyo ni sababu halali ambayo hupaswi kuionea aibu.

Jirani yako amesema jambo lenye ukweli ndani yake, ila maziwa hayakauki kwa haraka anayoihofia. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa: likikaa limejaa kwa muda mrefu hupunguza kazi, na likinyonywa au kukamuliwa huongeza. Prolaktini, homoni inayochochea utengenezaji wa maziwa, huwa nyingi zaidi usiku, na ndiyo maana mama anayefanya kazi mchana akiendelea kunyonyesha usiku huweza kuhifadhi maziwa yake kwa miezi mingi. Lala karibu na mtoto, mnyonyeshe kabla ya kutoka, na ukirudi jioni mnyonyeshe kabla ya shughuli nyingine. Siku za mapumziko kopo lipumzike pia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Kwa hiyo maziwa unayokamua yatangulie, na kopo lijaze pengo linalobaki. Anza kukamua kwa mkono sasa, mara moja kila asubuhi baada ya kumnyonyesha, ili mikono izoee kabla ya wiki hizo 3 kwisha. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 mahali penye ubaridi wa kawaida wa chumba, na hadi siku 4 katika friji. Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ile ile inayokupa siku 84 za likizo yenye malipo, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kumnyonyesha mtoto. Wewe huwezi kwenda Maji ya Chai na kurudi mchana, basi zungumza na mwajiri mapema na kwa maandishi, mkubaliane muda huo utumike kukamua mara mbili au kuondoka mapema jioni.

Usingoje siku ya kwanza ya kazi ndipo uanze kopo. Wiki moja kabla, badilisha mlo mmoja wa mchana kwa kopo, kaa siku 3 au 4 ukimwangalia mtoto, ndipo ubadilishe wa pili. Ukifanya yote kwa siku moja matiti yatajaa na kuuma, na yanaweza kupata uvimbe wenye homa. Mililita 60 zinatosha kwa kuanzia. Choo chake kitakuwa kizito zaidi na chenye harufu, na hilo ni la kawaida.

Sasa nakuomba usome kwa makini sana sehemu ya maji, kwa sababu unaishi Maji ya Chai. Miteremko ya Meru ina chemchemi na visima vingi vyenye madini ya floraidi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya rangi ya kahawia ambayo umeyaona kwa watu wengi wa huko yametokana na maji hayo. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo mno hata pale mama mwenyewe anapokunywa maji hayo, kana kwamba mwili wake unamkinga mtoto; lakini kopo likikorogwa kwa maji ya kisima, mtoto huyapokea madini hayo yote moja kwa moja, katika umri ambao meno yake ya ukubwani yanaanza kujengeka. Kuchemsha hakuondoi floraidi, bali huizidisha kidogo kwa kuwa maji hupungua na madini hubaki. Tumia maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi, au maji ya bomba ambayo mamlaka imethibitisha kiwango chake, au chujio la mkaa wa mifupa ambalo mkaa wake hubadilishwa kwa wakati. Maji ya chupa yanafaa ikiwa lebo inaonyesha floraidi ndogo.

Maji hayo salama bado lazima yachemshwe, kwa kuwa unga wa kopo hautoki kiwandani ukiwa hauna vijidudu kabisa. Maji yachemke, yapoe kwa muda usiozidi dakika 30 ili yabaki na nyuzi 70 au zaidi, ndipo unga utiwe. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu vilivyo ndani ya unga. Maji ya chupa ya chai iliyojazwa alfajiri hayana uhakika huo ifikapo mchana. Yatangulie maji, kisha unga kwa kijiko cha kopo hilo hilo, kilichosawazishwa kwa kisu, kwa idadi iliyoandikwa kwenye kopo. Kupunguza unga ili kopo lidumu ni kumnyima mtoto chakula, na kuuzidisha humwelemea figo. Poza kikombe ndani ya bakuli la maji baridi, na kinachobaki baada ya saa 2 kimwagwe. Mwonyeshe mama mkwe hatua hizi kwa vitendo, mara kadhaa, kabla hujarudi kazini.

Kuhusu maziwa ya ng'ombe, mwambie bibi kwa heshima kwamba hakukosea kwa nia yake, kwani alitumia alichokuwa nacho. Lakini maziwa hayo yana protini na chumvi nyingi kuliko figo za mtoto mchanga zinavyoweza kubeba na yana madini ya chuma kidogo, na kuyapunguza kwa maji humwondolea mtoto nguvu bila kurekebisha upungufu huo. Yasubiri hadi mwaka mmoja. Maziwa ya unga ya familia, yale ya kutia kwenye chai, nayo yasubiri.

Kukataa chupa kusikuvunje moyo. Mtoto akisikia harufu yako hulitaka titi, kwa hiyo ampe bibi, wewe ukiwa umetoka nje, kabla hajalia kwa njaa. Mimi napendelea kikombe kidogo kuliko chupa, kwa sababu huoshwa kwa urahisi na huchemshwa kila siku bila kuharibika: mtoto akalishwe wima, ukingo uguse mdomo wa chini, naye arambe mwenyewe bila kumiminiwa.

Kwa wasomaji wengine: mama anayeishi na virusi vya UKIMWI asianze kumchanganyia maziwa yake na kopo mtoto aliye chini ya miezi 6 kabla ya kuzungumza na wahudumu wake wa kliniki, wala asiache dawa zake.

Wiki 2 baada ya kuanza kopo, mpeleke mtoto apimwe uzito. Akitokwa na vipele mwilini, akitapika kila anapokunywa, choo chake kikiwa na damu au akikorota kifuani, acha kopo na umfikishe kituo cha afya siku hiyo hiyo, ukiwa na kopo lenyewe mkononi.