Umeshinda kesi ya deni na mdaiwa anataka kuuza nyumba: inavyokwenda huku Dodoma

Mkuu uliyeuliza kuhusu jamaa aliyechukua mzigo wako, ukamshinda mahakamani, na sasa unasikia anatafuta mteja wa nyumba yake ya Ilazo. Umesema shemeji yako aliyeko California amekwambia ukaisajili tu hukumu, deni litaganda kwenye nyumba mpaka siku ataiuza. Shemeji hajakudanganya, anaongea ya kwao. Kule ukichukua muhtasari wa hukumu ukaupeleka kwa msajili wa kaunti, deni linakaa juu ya nyumba na viwanja vya mdaiwa vilivyomo kwenye kaunti hiyo, kwa miaka 10, na linaweza kuongezewa muda. Anayetaka kununua akipekua kumbukumbu za ardhi analikuta.

Huku kwetu hukumu ya fedha haigusi ardhi ya mtu. Inathibitisha kwamba unamdai, basi. Kinachoifunga mali ni amri ya kukamata, na hiyo unaiomba wewe uliyeshinda, kwenye maombi ya kukaza hukumu, yaani kuomba mahakama itekeleze hukumu kwa nguvu. Kati ya siku ya hukumu na siku ya amri, mdaiwa yuko huru, na mnunuzi asiyejua lolote akija na hela yake, wewe utabaki unafukuzana na mdaiwa mwenyewe.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi. Kile kipindi serikali inahamia Dodoma na kila mtu anajenga, mkandarasi mmoja alichukua kwangu nondo, simenti na mabati kwa mali kauli. Mwanzo alilipa vizuri, baadaye simu zikawa hazipokelewi. Nikamshtaki mahakama ya wilaya, nikashinda, akakata rufaa. Watu wakaniambia tulia kwanza rufaa iishe. Wakili wangu akacheka. Rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji. Anayetaka usimame lazima aombe zuio na mahakama ikubali. Yeye hakuomba. Tukachukua nakala ya hukumu na tuzo (karatasi ya mahakama inayotaja ulichoshinda), tukafungua maombi.

Kabla ya hapo tulifanya upekuzi ofisi ya ardhi, na hapa ndipo ningekushauri utumie nguvu zako, kwa sababu "ana mali nyingi" ya mtaani na mali inayokamatika ni vitu viwili. Mkandarasi wangu alikuwa na nyumba Kisasa, shamba la zabibu Hombolo, kiwanja chenye hati Iyumbu na kingine Nala cha makaratasi ya mwenyekiti wa mtaa.

Nyumba ya Kisasa ndiyo kila mtu aliniambia niikamate. Ilikuwa na rehani ya benki iliyosajiliwa miaka kabla ya kesi yangu. Kwenye mali ya namna hiyo unakamata kile tu ambacho mdaiwa anacho: benki inajilipa kwanza, wewe unasubiri kitakachobaki, kama kitabaki. Halafu alikuwa anaishi humo na mke na watoto. Kuna kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinacholinda nyumba ya makazi anayokaa mdaiwa na mkewe na watoto wanaomtegemea. Kinalinda pia vyombo vya kupikia, vitanda, nguo na zana za fundi. Wengi hawakijui, wanalipa gharama za dalali wa mahakama halafu maombi yanagonga ukuta. Ila asikutishe mtu kwa kifungu hicho kama nyumba amepangisha. Ulinzi ni wa anayeishi humo. Na benki yenye rehani kinga hiyo haiihusu, kwa sababu mdaiwa aliitoa nyumba dhamana kwa mkono wake.

Shamba la Hombolo tuliliacha. Kifungu hichohicho kinalinda ardhi ya kilimo ya mtu ambaye maisha yake yote yanategemea ardhi hiyo. Mkandarasi kuwa mkulima wa zabibu wa kutegemea shamba tu ni kichekesho, lakini kubishana juu ya hilo kungetupotezea muda.

Tukaenda na Iyumbu. Amri ya mahakama inamkataza mdaiwa kuuza, kugawa au kuweka rehani, na inamkataza mtu yeyote kupokea kutoka kwake. Inatangazwa palepale kwenye mali, na sheria bado inataja kupiga ngoma au njia nyingine ya kawaida ya mahali (sijaona dalali mwenye ngoma, wetu alikuja na pikipiki na gundi). Nakala inabandikwa kwenye mali na mahakamani. Wakili akaipeleka nyingine kwa Msajili wa Hati siku hiyohiyo, ili atakayepekua aikute. Kuanzia hapo mauzo ya pembeni hayana nguvu dhidi ya dai lako.

Sasa hili la "nenda kaweke keveti" ambalo wengine hukushauri, yaani tahadhari inayoandikwa kwa Msajili kuzuia ardhi isihamishwe. Keveti ni ya mwenye maslahi kwenye ardhi yenyewe: mke, mnunuzi aliyelipa ambaye hajahamishiwa, mrithi. Wewe unadai fedha. Hata ikipokelewa, mwenye hati anaweza kwenda Mahakama Kuu ukaitwa ueleze kwa nini isiondolewe, na deni la mzigo si jibu. Ambaye kesi yake haijaisha na anaona mdaiwa anahamisha mali ili amkimbie, njia yake ni kuomba mali ikamatwe kabla ya hukumu, na alete ushahidi wa huko kuhamisha. Hofu tupu haitoshi.

Jiandae na pingamizi. Baada ya kubandika tu, akajitokeza ndugu wa mkandarasi na mkataba wa mauziano wenye tarehe ya zamani kuliko kesi, akidai Iyumbu ni pake. Katika pingamizi mahakama inaangalia siku mali inakamatwa ilikuwa mikononi mwa nani, na kwa niaba ya nani. Sisi tulikuwa na picha na majirani waliosema mkandarasi ndiye anayefyatua tofali pale. Pingamizi likatupwa.

Mnada haukufika. Mkandarasi alilipa deni tangazo la mnada likiwa bado ukutani. Ungefika, ardhi haiuzwi mpaka zipite siku 30 tangu tangazo libandikwe, isipokuwa mdaiwa mwenyewe akubali kwa maandishi. Mnunuzi anatoa asilimia 25 papo hapo na iliyobaki ndani ya siku 15. Na hata nyundo ikishagonga, mdaiwa anaweza kukomboa ndani ya siku 30 kwa kuweka mahakamani deni lote na asilimia 5 ya bei kwa ajili ya mnunuzi.

Nala? Kwenye ardhi isiyo na hati hakuna daftari la kuandikia chochote. Inakamatika kwa amri na tangazo, lakini ulinzi wako ni wa majirani na mwenyekiti kujua. Na kama karatasi za nyumba ni za enzi za CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyokuwa ikigawa viwanja Dodoma), ile mikataba ya miaka 33, ulizia jiji kama imeshabadilishwa tangu CDA ilipovunjwa 2017, maana jina kwenye faili la zamani huenda silo la mwenye mali leo.

Muda unao, kukaza hukumu ni ndani ya miaka 12. Haraka yako inatokana na huyo mteja anayetafutwa. Kapekue wiki hii, na utuambie mambo mawili: nyumba ya Ilazo ina hati kwa jina lake, na anaishi mwenyewe au kapangisha? Kama kuna wapangaji, unaweza kuomba hata kodi yao ikamatwe kabla hujafikiria kuuza ukuta.