Ukianza kusoma michoro ya mandhari, fuata maji kwanza

Nilipoanza kujifunza michoro ya mandhari yenye mafumbo, niliingia na orodha ya taashira kichwani: mti ni uhai, mwamba ni uthabiti, maji ni utakaso. Ndivyo tulivyozoeshwa kwenye fasihi, na katika mtihani orodha hiyo ilinibeba. Mbele ya mchoro ikanipofusha.

Aliyenifumbua macho ni Thomas Cole, Mwingereza aliyehamia Marekani, kwa michoro yake minne ya Safari ya Maisha, inayomfuata mtu mmoja akisafiri mtoni kwa mashua tangu utotoni hadi uzeeni. Seti ya mwaka 1842 iko National Gallery of Art, Washington. Katika mchoro wa pili, Ujana, kijana ameshika usukani wa mashua na kunyoosha mkono kuelekea kasri linaloelea mawinguni. Niliandika kurasa mbili juu ya kasri lile. Mwalimu akazisoma, akaniuliza: "Na mto unakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi kutazama. Maji yanaelekea kasrini kwa kitambo, kisha yanapinda ghafla, yanaonekana vipandevipande kati ya miti, hadi yanapotumbukia kwenye korongo la miamba. Fumbo lote limelala kwenye kona ile, na mimi nilikuwa nimeduwalia kasri kama kijana mwenyewe.

Kwa hiyo wewe unayeanza, fuata maji kwanza. Katika mchoro wa kwanza yanatoka pangoni yametulia, kandokando maua. Katika wa tatu yanachafuka kwenye mawe, usukani umeshatoweka. Katika wa nne yameingia baharini, na hakuna hata jani moja, ni miamba mitupu. Sanamu ya omoni, yaani mbele ya mashua, iliyobeba saa ya mchanga nayo imevunjika. Ni mto uleule mmoja. Orodha yangu ya "maji ni utakaso" ingeusomaje?

Kisha tafuta kisichobadilika. Katika michoro mitano ya Mkondo wa Dola, aliyoichora Cole kati ya 1833 na 1836, mji unainuka na kuangamia huku mlima wenye jiwe kubwa kileleni ukiwa palepale. Bila jiwe hilo usingejua kwamba magofu ya mwisho ni ya bonde lilelile la mwanzo.

Uliza pia mchoraji ameongeza nini. Jacob van Ruisdael, Mholanzi wa karne ya 17, alichora makaburi ya Wayahudi ya Ouderkerk, karibu na Amsterdam. Makaburi yenyewe yapo kweli. Magofu na kijito kinachopita kwa kasi alivitia yeye. Mimi huanzia hapo, kwenye alichokitia, kabla ya kugusa upinde wa mvua na mti uliokauka ambavyo kila mwanafunzi huvikimbilia.

Na tafuta nakala kubwa kadiri uwezavyo. Kwenye kioo cha simu, ile kona ya mto haionekani.