Kununua duka la pizza la kampuni kubwa Marekani kwa mkopo wa riba

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mtu wa Lamu, naishi Columbus, Ohio, na mke na watoto wanne. Nilianza kwa kupeleka pizza majumbani, sasa ni meneja wa duka. Mwenye duka anastaafu, anataka kuniuzia, na kampuni yenye jina imenikubali. Benki itanikopesha kwa riba, mkopo unaodhaminiwa na serikali. Pesa zitakazopungua nimewaomba ndugu zangu tuuze kiwanja alichotuachia marehemu baba. Mama ameridhia, dada zangu wawili wamenyamaza. Duka linauza peperoni ya nguruwe, pombe hatuuzi. Ustadh mmoja hapa ameniambia hii si nchi ya Waislamu, wanunuzi si Waislamu, nami nina dharura, basi nisijitie uzito. Moyo wangu haujatulia. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Ndugu yangu, mshukuru Allah kwa moyo usiotulia, kwani wengi huniuliza wakiwa wameshatia saini. Nakujibu kwa urefu kwa sababu maneno uliyoambiwa yamezagaa kwa watu wetu walioko ughaibuni, na yanawaingiza pabaya.

Kulipia jina la kampuni na kufuata utaratibu wake si tatizo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilikubali kuwa jina la biashara ni haki yenye thamani ya mali. Tatizo ni kile utakachouza na pesa utakazonunulia.

Huyo ustadh anasema wanunuzi si Waislamu, nawe huli. Jabir radhiyallahu anhu amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume swalla Allahu alayhi wasallam alitangaza Makka, mwaka wa Fat-hi, uharamu wa kuuza pombe, mzoga, nguruwe na masanamu. Masahaba wakauliza: vipi shahamu ya mzoga, maana hupakwa majahazi, hulainishiwa ngozi, na watu huwashia taa? Sisi watu wa pwani tunaoijua sifa, yale mafuta ya papa, inavyopakwa chomboni tunaelewa kuwa hao hawakuuliza habari ya kula. Walitaja manufaa ya kweli. Akajibu: hapana, ni haramu. Kisha akawalaani watu walioharamishiwa shahamu, wakaiyeyusha, wakaiuza, wakala thamani yake. Hao nao wangeweza kusema "sisi hatukuila". Udhuru huo ndio uliolaaniwa, na leo unafundishwa kama fatwa!

Ama riba, najua anapoegemea. Imam Abu Hanifa na mwanafunzi wake Muhammad bin al-Hasan wana kauli kuwa hakuna riba baina ya Muislamu na asiye Muislamu katika nchi ya vita, yaani nchi isiyo chini ya utawala wa Waislamu. Lakini Abu Yusuf, naye mwanafunzi wake, aliikataa. Malik, Shafi'i na Ahmad hawakuikubali, na Imam Shafi'i ameeleza kuwa haramu ya nchi ya Uislamu ni haramu pia katika nchi ya makafiri. Zaidi ya hayo, Ibn al-Humam, mwanachuoni mkubwa wa Kihanafi, amebainisha kuwa makusudio ya kauli ile ni pale ziada inapomwendea Muislamu. Wewe ndiye utakayeitoa ziada, na benki ndiyo itakayoipokea. Kauli imepinduliwa juu chini, kisha akabebeshwa Abu Hanifa, Allah amrehemu.

Na dharura iko wapi? Baraza la Fatwa la Ulaya mwaka 1999 liliruhusu kwa masharti mkopo wa nyumba ya kuishi kwa asiye na njia nyingine. Mimi siifuati fatwa hiyo, lakini hata wao walizungumzia paa la kulala watoto. Wewe una mshahara na watoto wanakula. Kutaka kupanda ni jambo jema, ila halihalalishi riba.

Sasa niseme nawe kama kaka. Kampuni kubwa za pizza Marekani hukata mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina lao, kwenye mauzo, hazingoji faida. Domino's ni asilimia 5.5, Pizza Hut ni 6, na ukiongeza mchango wa matangazo makato huweza kuzidi kumi kwa mia. Ukiuza dola 20,000 kwa wiki, zaidi ya 2,000 huondoka kabla hujalipa jibini, mishahara wala kodi ya pango. Wiki ya hasara nayo utalipa. Mikopo ile ya serikali humtaka kila mwenye asilimia 20 au zaidi ya biashara ajidhamini mwenyewe, hivyo duka likifungwa deni hukufuata nyumbani. Sheria ya huko inailazimu kampuni ikupe waraka wa maelezo siku 14 kabla ya kutia saini mkataba nayo au kuilipa chochote. Sehemu yake ya 7 ina gharama za kuanzia, na ya 20 ina orodha ya wenye maduka waliotoka katika kampuni. Wapigie hao waliotoka.

Na usijidanganye kuwa utanunua kwanza, kisha nguruwe utamwondoa baadaye. Muislamu mmoja wa eneo la Chicago alikuwa na maduka ya Dunkin' Donuts tangu 1979. Nyama ya nguruwe ilipoingizwa kwenye orodha, aliachwa miaka mingi asiiuze, hata mwaka 2002 kampuni ikakataa kumwongezea mkataba. Alikwenda mahakamani, na 2009 baraza la wazee wa mahakama likaipa kampuni haki. Orodha ya vyakula si yako.

Kwa hiyo jibu langu: duka hili, kwa mkopo huu, haifai. Kampuni hizi hizi huuza Oman na Ghuba yote bila nguruwe, basi waulize. Wakikukubalia ndani ya mkataba, si kwa mdomo, na mtaji ukawa wa ushirika wa faida na hasara, hukumu inabadilika. Wasipokubali, unaijua kazi: tafuta wenzako wawili watatu, mfungue duka dogo lenu lenye peperoni ya ng'ombe. Kazi uliyo nayo sasa nayo ina lawama. Tafuta nyingine kwa bidii, lakini usiwaache watoto na njaa kwa haraka.

Limebaki lililonihuzunisha kuliko yote. Dada zako wamenyamaza, nawe umehesabu wameridhia. Kunyamaza ni ridhaa kwa bikira anapoposwa. Katika mali, Imam Shafi'i amesema aliyenyamaza hanasibishiwi kauli. Fungu lao katika kiwanja kile ni lao kwa Aya ya mirathi, na ridhaa ya mama haipiti thumuni yake. Msichana wa kwetu huona haya kumkatalia kaka aliyeko Marekani, nawe unajua. Wapigie simu kila mmoja peke yake, umwambie anaweza kukataa na wewe hutakasirika. Fanya hivyo kabla hujamjibu mwenye duka.

Wallahu a'lam.